Mirathi ya Hodhi la Kioo

Mtu afikiwaye na mirathi ya hodhi la samaki wa maji baridi, aliloachiwa na baba au ami yake pamoja na changarawe, mimea na samaki wake, aghalabu huanza kwa kulisafisha. Hulifanya hilo kwa taadhima na mapenzi, akidhani kwamba anamtunzia marehemu heshima yake: humwaga maji ya zamani yote, akasugua changarawe chini ya bomba, akakamua kichujio hata kikang'aa, kisha akajaza maji mapya; na kabla juma halijapita samaki huonekana wakitweta juu ya maji, wakafa mmoja baada ya mmoja. Sababu ya msiba huo ilichukua zaidi ya miaka arubaini kufahamika, na katika kuifahamu walishiriki mtu na mwanawe, ingawa sijui kama mwana aliwahi kuziona kazi zao mbili kuwa ni moja.

Baba alikuwa Robert Warington, mkemia wa Apothecaries' Hall, jumba la chama cha watengenezaji dawa wa London, na mmoja wa waasisi wa jumuiya ya wakemia ya mji huo mwaka 1841. Ilikwisha kujulikana tangu zama za Joseph Priestley kwamba mmea huirudishia uzima hewa iliyochafuliwa na pumzi, na Jan Ingenhousz alibainisha mwaka 1779 kwamba kazi hiyo hufanywa na majani penye nuru. Warington alitaka kuona kama kanuni hiyo ingeweza kusimama ndani ya maji, pasipo mtu kuyabadili. Mwaka 1849 akatwaa chombo cha kioo cha kiasi cha galoni 12, akakitia maji ya chemchemi hadi nusu, akatandika mchanga na tope, akapanga mawe, akapanda mmea wa maji uitwao Vallisneria, kisha akatia samaki wawili wadogo wa dhahabu. Mambo yalikwenda vema mpaka majani makuukuu yalipokufa na kuoza, maji yakaingia ukungu na utelezi wa kijani ukatanda kiooni. Hapo ndipo alipotia konokono wachache wa madimbwini. Wakala uozo ule, maji yakatakata, na mayai yao yenyewe yakawa riziki ya samaki. Mwaka 1850 aliieleza jumuiya yake habari hiyo, na kwa maoni yangu konokono wale ndio waliokuwa ugunduzi wake mkubwa, kwani habari ya mimea alikuwa ameipokea kwa waliomtangulia, bali ya kwamba mauti nayo yahitaji mwenye kuyashughulikia ndani ya hodhi aliijua kwa kutazama.

Kodi ya kioo, iliyokuwa ikikifanya ghali, ilikuwa imekwisha kuondolewa Uingereza mwaka 1845. Bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki mwaka 1853. Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake mwaka uliofuata, na mahodhi yakaenea sebuleni mwa watu wenye nafasi. Wengi wao walishika nusu tu ya somo, yaani mmea hutoa hewa na samaki huivuta, basi mizani imekaa sawa.

Walichokikosa ni habari ya amonia. Samaki huitoa kwa matamvua yake kila anapopumua, na chakula kilichosalia huizidisha. Nayo ni sumu hata ikiwa kidogo mno. Jawabu lilitoka mahali pasipodhaniwa. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu ya mji katika mrija uliojaa mchanga na chokaa. Kwa muda wa siku 20 hapakutokea mabadiliko. Baadaye amonia ikaanza kutoweka na nitrati ikatokea mahali pake. Walipopitisha mvuke wa klorofomu kazi ikasimama, na hata mvuke ulipokwisha kuondolewa haikurejea, mpaka walipotia maji yaliyooshea udongo. Ikawa dhahiri kwamba mtenda kazi ni kiumbe hai.

Habari hiyo ilipokewa kwa hima katika kituo cha kilimo cha Rothamsted na Robert Warington mwingine, aliyezaliwa mwaka 1838, mwana wa yule wa kwanza, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1867. Katika miaka iliyofuata mwana huyo alidhihirisha kwamba kazi hiyo ina daraja mbili: viumbe wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi. Hakujaliwa kuwatenga viumbe hao. Kazi hiyo aliitimiza Sergei Winogradsky kuanzia mwaka 1890. Mwana alikuwa akishughulikia rutuba ya mashamba, ilhali aliyoyaeleza yalikuwa bila shaka yakitendeka katika mchanga na tope la chombo cha baba yake.

Basi mrithi na ajue kwamba viumbe hao, yaani bakteria, hawaelei majini kwa wingi, bali wameshikamana na changarawe, mawe na sifongo la kichujio, na kwamba klorini ya maji ya bomba, ambayo Warington na chemchemi yake hakuisumbukia, huwaua kama klorofomu ya wale Wafaransa. Sifongo lisuuzwe katika maji ya hodhi lenyewe, na maji mapya yaondolewe klorini kwanza. Kadhalika maji yaliyokaa miaka bila kubadilishwa huwa yamegeuka makali kwa asidi, na katika hali hiyo amonia hukaa kwa sura isiyodhuru sana. Mrithi ayamwagaye mengi kwa siku moja huiamsha sumu hiyo kwa ghafula. Abadili sehemu ndogo tu, juma kwa juma.

Tahadhari hii yawahusu zaidi waliorithi samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wa jamaa ya sato na perege, ambao Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha nje kutoka Burundi katika miaka ya 1970 na ambao hata leo hufugwa majumbani Ulaya na Marekani. Maji ya ziwa hilo yana pH ya karibu 9, yaani yako mbali na asidi, na samaki wake hutaka yayo hayo. Lakini kwa kipimo hicho amonia huwa kali kuliko katika maji ya samaki wengi wafugwao, hivi kwamba mchanga wa zamani ukiondolewa hodhini, mrithi asiye na uzoefu hapati siku za kutosha kurekebisha.