Macho Mekundu: Ujuzi wa Jamii na Mauaji ya Vikongwe Usukumani

Mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga yamezoeleka kuelezwa kuwa zao la ujinga: macho mekundu ya bibi yalidhaniwa kuwa alama ya uchawi. Maelezo hayo hayatoshelezi. Katika nyika zilizopungukiwa kuni, kaya zilizopikia samadi hazikuhitaji kufundishwa namna moshi unavyoyaharibu macho ya mpishi. Alama ilitafutwa baada ya tuhuma, si kabla yake. Tuhuma nayo ilizuka baada ya kifo cha mtoto au ugonjwa usioeleweka, na si mara chache iliangukia kwa mjane mwenye shamba ila asiye na mtetezi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilizidisha hali hiyo kwa kuzibananisha kaya zilizokuwa zimezoea kuishi mbalimbali. Wala sheria haikumfaa kikongwe. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilimpa mtawala wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa akaishi kwingine. Kwa lugha nyepesi, bibi aliweza kuhamishwa kisheria. Shamba lilibaki na majirani zake.