Mteja na Wakili Wake: Karne Moja ya Kuisogeza Haki

Historia ya uwakili Tanzania ina funzo moja ambalo kila ofisi ya sheria inapaswa kulizingatia: huduma imekuwa ya haraka na ya kuaminika pale tu mwenye shauri alipoelewa kinachoendelea katika shauri lake. Alipowekwa mbali nalo, gharama zilipanda na tarehe zikarefuka.

Katika miji ya pwani, kabla ya ukoloni, kadhi alisikiliza wadaiwa na wadai wakiwa mbele yake, kwa lugha yao. Mtu alijieleza mwenyewe, au alimtuma wakili wake, aghalabu ndugu au mtu anayemwamini. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, na mtumwa au mwanamke hakuwa na sauti sawa na muungwana. Hata hivyo, aliyeshindwa alijua kwa nini ameshindwa.

Waingereza walipounda Mahakama Kuu ya Tanganyika mwaka 1920, walikuja na Kiingereza na taratibu za maandishi. Shahidi alisema, mkalimani akatafsiri, hakimu akaandika. Mwaka 1929 mahakama za wenyeji ziliwekwa chini ya maofisa utawala, na mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Mwafrika wa kawaida akabaki na mwandishi wa barua na taipureta yake, akilipia maombi ambayo hakuweza kuyasoma. Chama cha Mawakili cha Tanganyika kilipoanzishwa mwaka 1954, kazi ya uwakili ilikuwa bado mikononi mwa Wazungu na Waasia.

Uhuru ulianza kurekebisha hali hiyo. Mwaka 1961 Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ikaunganisha mifumo ya mahakama iliyokuwa imegawanywa kwa rangi, na mahakama za mwanzo zikaendesha mashauri kwa Kiswahili. Mawakili waliendelea kuzuiwa humo, kwa nia ya kumlinda mnyonge dhidi ya gharama na mabishano ya kiufundi. Lakini mnyonge huyo alihitaji ushauri, na nafasi hiyo ikajazwa na vishoka, watu wasio na leseni wanaotoza ada na kutoweka. Kamati ya msaada wa sheria ya Chuo Kikuu, na baadaye vyama vya wanasheria wanawake, vilifanya kazi kubwa kuziba pengo hilo. Wasaidizi wa kisheria walitambuliwa rasmi na sheria mwaka 2017.

Katika mahakama za juu, tatizo lilikuwa muda. Chukua rufaa ya kiwanja inayokwenda Mahakama ya Rufani. Taarifa ya rufaa hutakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Siku ambazo Msajili anaandaa nakala za mwenendo hazihesabiwi, ila kwa sharti: barua ya kuomba nakala iwe imeandikwa ndani ya zile siku 30, na mpinzani awe amepewa nakala yake. Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja. Karani asipoipeleka kwa mpinzani, rufaa inaweza kuondolewa bila majaji kugusa suala la kiwanja. Mteja amelipa ada yote na ameshindwa na jalada lisilosimamiwa.

Dola imechukua hatua. Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu kilianza mwaka 1999. Ibara ya 107A ya Katiba inaagiza haki isicheleweshwe bila sababu na isikwamishwe na masharti ya kiufundi kupita kiasi. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama.

Mabadiliko haya yana thamani kubwa, lakini mfumo wa kompyuta unaweza kumpa wakili taarifa ya tarehe mpya saa ileile, na mteja wake wa Mbinga akakaa miezi bila kuambiwa. Hapo kasi imeishia mezani kwa wakili. Ofisi inayomheshimu mteja huandika makubaliano ya ada tangu siku ya kwanza, huweka kalenda moja ya ukomo wa muda inayokaguliwa na zaidi ya mtu mmoja, na baada ya kila kikao humtumia mteja ujumbe wa Kiswahili chepesi: kilichoamriwa, kinachofuata, na anachotakiwa kuleta. Humwambia pia ukweli shauri linapokuwa dhaifu, mapema, kabla hajauza ng'ombe ili kuliendesha.

Hayo hayahitaji bajeti ya serikali wala sheria mpya. Yanahitaji wakili akubali kwamba shauri ni mali ya mteja, na kwamba kumweleza ni sehemu ya kazi aliyolipwa kuifanya.