Msimulizi: Taarikhi ya Kiungani kwa Kauli ya Wanawe

Kusini ya Mji Mkongwe wa Unguja, upande wa njia iendayo Mbweni, palikuwa na chuo cha misheni ya Kiingereza mahali paitwapo Kiungani. Na katika chuo hicho, mwaka 1888, lilianza kupigwa chapa gazeti lililoitwa Msimulizi, ambalo wajuzi wa taarikhi ya magazeti hulihesabu miongoni mwa magazeti ya awali kabisa ya Kiswahili. Waandishi wake na wapiga chapa wake walikuwa aghalabu wanafunzi wa chuo na waalimu waliokwisha kutoka humo, na fahari ya gazeti lile si kutangulia kwake tu, bali ni hali ya watu waliolitoa.

Askofu Tozer na Edward Steere wa misheni hiyo walipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Seyyid Majid aliwakabidhi watoto watano waliokuwa watumwa, na katika miaka iliyofuata wakaongezeka wengine wengi waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wa makabila mengineyo, kila mmoja ametengwa na mama yake, na kijiji chake, na watu waliolijua jina la babu yake. Mwaka 1887 A. C. Madan wa misheni hiyo alikusanya hadithi za maisha ya watoto hao waliosomeshwa Kiungani, walizoziandika wenyewe, akazitoa kitabuni. Lakini kitabu kile kilichapwa London, kwa Kiingereza, ili kisomwe na watu wa mbali. Mwaka mmoja tu baadaye likazuka Msimulizi, kwa Kiswahili, kwa ajili ya ndugu zao.

Kazi ya chapa ilikuwa kazi ya subira. Kijana aliyechukuliwa utumwani asijue alifu wala be alisimama mbele ya kasha la herufi za risasi, akaziokota moja moja na kuzipanga kinyume, kama maandishi yanavyoonekana katika kioo, akazifunga barabara, akazipaka wino, kisha akaukandamiza mtambo juu ya karatasi. Na alipoifunua karatasi ile, pengine alilikuta jina la mwenziwe, au jina lake mwenyewe, limesimama wima, mahali ambapo hapana dalali awezaye kulifuta.

Mwaka ule wa 1888 ulikuwa mzito. Sultani Seyyid Barghash alifariki mwezi wa Machi, pwani ya bara ikatiwa mikononi mwa kampuni ya Wadachi (Wajerumani), na kabla mwaka haujaisha vita vya Abushiri dhidi ya kampuni hiyo vilikuwa vimekwisha kuwaka. Wanataarikhi wameyashughulikia mambo hayo makubwa kama yastahilivyo; lakini Msimulizi lilichukua pia habari za vituo, za shule, za makasisi na za michezo ya kriketi na mpira, kutoka Mbweni ambako watu waliokombolewa walilima na binti zao wakasoma, hata Magila katika nchi ya Bonde, na Masasi, ambako Steere aliwapeleka walowezi wa kwanza kutoka Unguja mwaka 1876. Ilikuwa desturi vijana wa Kiungani kuoa wasichana wa Mbweni, kisha wakatumwa bara kuwa waalimu. Basi mtu aliye Masasi alihitaji kujua ya mwenziwe aliye Magila, na hapakuwa na jamaa wa damu wa kumpelekea salamu. Gazeti likawa badala ya ahali. Ndiyo sababu habari ya mchezo wa jioni moja, ambayo msomaji mwenye haraka ataidharau, ina uzito wake: mtu aliyeuzwa kama bidhaa anatajwa humo kwa jina lake kuwa mchezaji, mwalimu, au rafiki.

Insafu yatulazimu kusema pia kuwa gazeti lile lilizaliwa chini ya dari ya misheni, na macho ya mapadre yalikuwa juu yake. Msomaji asome humo habari za Kiungani na za watu wake, wala asitake kuyajua kwa gazeti hilo peke yake maisha ya mji mzima, wa Waislamu na Wahindi, wa matajiri na wachukuzi. Lakini mpaka huo haupunguzi amana yake. Kila shahidi hushuhudia ya pale aliposimama.

Nakala za Msimulizi zimehifadhiwa Uingereza pamoja na karatasi za misheni, na wanazuoni huzisoma na kuandika kwa faida kubwa. Wastahili shukrani waliozitunza. Hata hivyo haki haijatimia maadamu mtoto wa shule ya Mbweni, au wa Masasi, au wa Magila, hawezi kuyashika mkononi maneno yaliyoandikwa na mababu zake katika lugha anayoizungumza yeye leo. Zipigwe chapa upya, ziwekwe katika shule na maktaba za mahali pale pale, na waalimu wazisome pamoja na wanafunzi wao. Kwani gazeti lile liliandikwa tangu mwanzo kwa ajili ya jamaa hao, na wao ndio warithi wake wa kwanza.