Kalamu ya Kansiime: lafudhi ya Kigezi ilivyopanda runingani

Kutoka Nyamitanga, kilima cha kanisa kuu la Mbarara, hadi Kabale ni mwendo wa kilomita zipatazo 140. Barabara inapita Ntungamo, kisha milima ya Kigezi inaanza kupandana. Huko Mparo, mahali ambapo leo ni wilaya ya Rukiga na wakati ule palihesabiwa Kabale, alizaliwa Anne Kansiime mwezi Aprili 1986. Alisoma shule ya msingi Kabale, kisha akapelekwa Bweranyangi, shule ya wasichana iliyoko Bushenyi, huku kwetu Ankole, na hapo alikaa hadi kumaliza sekondari ya juu. Baadaye akaenda Makerere kusomea sayansi ya jamii.

Wengi wanaomjua kwa sura hawafikirii kwamba wanamtazama mwandishi. Wanamwita mchekeshaji, nao hawajakosea, lakini jina hilo linaficha nusu ya kazi. Kabla ya uso kukunjwa na mkono kushikwa kiunoni, lazima mtu awe ameamua mama mwenye nyumba atamwambia nini mpangaji wake, neno lipi litangulie na lipi lizuiliwe mpaka mwisho. Ninayemzungumzia hapa ni huyo mwenye kuamua.

Uganda ilikuwa na waandishi wa namna hiyo zamani. Mwaka 1954 Wycliffe Kiyingi alianzisha African Artists Association, kundi la Waafrika wenyewe, wakati ambapo jukwaa la Kampala lilikuwa mikononi mwa Waingereza na Wahindi. Kwa Kiganda chake aliandika michezo ya jukwaani, kisha mfululizo wa redio uitwao Wokulira, uliowakusanya watu majumbani kuwasikiliza majirani wa kubuni wakigombana na kupatana. Jumba la Taifa la Maigizo lilifunguliwa mwaka 1959, na televisheni ya serikali ikaanza kurusha matangazo mwaka 1963. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba kazi ya kuchekesha kwa kalamu ingekua taratibu, kama kazi nyingine yoyote.

Haikukua hivyo. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na mkuu wa Jumba hilo la Taifa, alikamatwa na watu wa Idi Amin na kuuawa. Ilikuwa mara tu baada ya kundi lake kurudi kutoka Lagos, kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, ambako lilionyesha mchezo wake wa nyimbo. Kifo hicho nakitaja katika makala ya vichekesho kwa makusudi. Mwandishi wa kichekesho huishi kwa kumgusa mkubwa mahali panapouma, na pale ambapo mkubwa anaua, mwandishi hujifunza kuzungukazunguka: anaandika juu ya mume mlevi, mke mwenye wivu, mjomba bahili. Sehemu kubwa ya vichekesho vya Uganda vilivyofuata ilibaki sebuleni, na sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati tu.

Kansiime aliingia kazini mwaka 2007, akiwa bado mwanafunzi, kupitia Theatre Factory, kundi la mwigizaji na mwongozaji Philip Luswata lililokuwa likionyesha kazi zake katika Jumba la Taifa. Kundi hilo halikuwa na mchezo mmoja wa saa tatu wenye kurudiwa mwezi mzima. Lilikuwa na vipande vifupi vifupi, watu wakilipa kuingia na kutarajia vipya. Theatre Factory ilipovunjika, baadhi ya waigizaji wake, wakiwemo Hannington Bugingo, Richard Tuwangye na Kansiime, waliunda Fun Factory na kuendelea na onyesho lao la kila Alhamisi.

Hapo ndipo ilipokuwa shule yake hasa. Onyesho la kila wiki halina huruma. Kichekesho kilichoangusha ukumbi wiki hii, wiki ijayo ni mabaki, kwa sababu waliokaa viti vya mbele ni walewale. Ijumaa mnaanza upya: nani kasikia nini kwenye taksi, nani kagombana na fundi, waziri gani kasema neno la ajabu. Mnajaribu kati yenu, na kipande kisichowachekesha wenzako kinatupwa hata kama ulikiandika usiku kucha. Mwandishi wa riwaya anaweza kusubiri miaka mitano ajue kama kazi yake imefika. Wa kichekesho anajua baada ya sekunde mbili, na ukimya wa ukumbi hauna rufaa. Aliyepita mafunzo hayo kwa miaka kadhaa hujua kupunguza maneno kuliko mtu yeyote.

Kutoka ukumbini akaingia NTV Uganda na kipindi cha Minibuzz, kilichopigwa picha ndani ya taksi, abiria wakijadili mambo ya siku. Kuendesha kipindi hicho kulimweka karibu na malighafi yake: watu wa kawaida wakibishana bila kujua kwamba wanachekesha. Aliona jinsi watazamaji walivyompokea, akaanza kuweka vipande vyake mwenyewe YouTube. Citizen TV ya Nairobi ikavutiwa, ikamtaka aandae kipindi. Kikaitwa Don't Mess With Kansiime.

Vitazame vipande hivyo kwa jicho la fundi. Huanzia katikati ya ugomvi, bila utangulizi, bila kueleza nani ni nani. Mhusika wake ana dai moja lisilo na kichwa wala miguu, nalo analishikilia kama hati ya shamba. Mbele yake yupo mtu mwenye akili timamu, jirani, mtoto, au mwenye duka, ambaye kila akijibu kwa busara anazidi kuzama. Hasira inapanda ngazi kwa ngazi. Kisha, pale unapotarajia suluhu, yeye anaondoka zake akiwa ameonewa! Dakika chache, watu wawili, kiti kimoja na mlango. Gharama yake ni ndogo sana, na kinachobeba kipande chote ni maandishi.

Kisha kuna lafudhi. Kwa muda mrefu Kampala iliwacheka watu wa magharibi kwa namna wanavyotamka Kiingereza, na vijana wengi waliotoka Kabale, Ntungamo na hata hapa Mbarara walijitahidi kuzisugua ndimi zao mpaka Kigezi ikatoka. Kansiime hakuisugua. Aliichukua lafudhi ya Kikiga na kumpa mwanamke mwenye nguvu katika kila chumba anachoingia. Anayechekwa hapo si mshamba aliyepotea mjini, bali mji mzima uliokosa jibu la kumpa. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wote aliowahi kufanya kama mwandishi, na ndio uliomvusha mipaka. Mwaka 2013 alitunukiwa kuwa mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Lagos, na katika miaka iliyofuata alijaza kumbi Kigali, Lusaka, Harare, Gaborone, Blantyre, Lilongwe, London, hata Kuala Lumpur. Watu wa miji hiyo hawajui Mparo ilipo, lakini kila mmoja ana shangazi wa aina ile.

Wenzake wa Fun Factory nao hawakukaa. Kundi hilo liliendelea kutengeneza vichekesho vya runinga, kikiwemo Mizigo Express cha kituo cha Pearl Magic.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna swali letu hapa. Alipofika Citizen, Kansiime aliingia Kenya, nchi ambayo vichekesho vya runinga vilikuwa na mizizi mirefu ya Kiswahili. Vioja Mahakamani na Vitimbi vililelewa na shirika la utangazaji la taifa. Benson Wanjau, Mzee Ojwang wetu sote, alichekesha vizazi viwili mpaka alipofariki mwaka 2015. Citizen yenyewe ilikuwa na Papa Shirandula, kazi ya Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020 wakati wa korona. Uganda haina urithi kama huo, na sababu tunaijua. Amin alikifanya Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na raia wengi walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka mdomoni mwa askari. Mbarara, mji wa kambi ya jeshi, ulikisikia mapema na kwa ukali, na Februari 1979 ukakisikia tena majeshi ya Tanzania yalipoingia. Lugha ya amri haigeuki upesi kuwa lugha ya mzaha. Vichekesho vya runinga ya Uganda vikakulia ndani ya Kiganda na Kiingereza.

Leo hali ni nyingine. Kiswahili kimewekwa kuwa lugha rasmi ya pili katika katiba tangu 2005. Nakivale, makazi ya wakimbizi ya hapa jirani na Mbarara yaliyoanza mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, sasa yana watu zaidi ya 100,000, na Wakongo walioko huko wanaongea Kiswahili sokoni, kisimani na kwenye foleni ya chakula. Ni Kiswahili chenye Kifaransa pembeni, chenye maneno ya Bukavu na Uvira, kinachokutana na Kirundi, Kisomali na Kinyankole kwenye meza moja ya chai. Mwandishi wa vichekesho angetamani nini zaidi? Mzee anayebishana na karani juu ya jina lake lililoandikwa vibaya kwenye kadi, mama Mkongo na mwenye duka Msomali wanaopatana bei kwa lugha ambayo hakuna aliyezaliwa nayo: hayo ni vipindi vya mwaka mzima.

Mbarara ina TV West, kituo cha Vision Group kinachosema na watu kwa Kinyankole na Kikiga, na kazi hiyo ni njema. Ombi langu kwa wenye vituo vya Mbarara ni hili: tengeni nusu saa kwa wiki kwa ajili ya kichekesho cha Kiswahili kilichoandikwa na watu wa Nakivale na Mbarara, mlipie maandishi hayo kama mnavyolipia kamera, na jina la mwandishi lionekane kwenye skrini kabla ya jina la mdhamini. Na kwa vijana wa Nakivale wanaochekesha kwenye harusi na uwanjani kisha wanasahau walichosema: nunueni daftari, muandike leo.