Kujibu na Kudai: Baraza la Minembwe na Tribinali

Huku Minembwe, Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ugomvi wa shamba na ng'ombe hauna upande mmoja. Mkulima anadai mahindi yake yameliwa. Mfugaji anadai ng'ombe wake amekatwa panga. Wakifika mbele ya wazee, yote mawili husikilizwa katika kikao kimoja. Itulo nayo, malipo ambayo kwa desturi wafugaji huwapa machifu wa Kibembe ili mifugo ishuke malishoni Fizi wakati wa kiangazi, huwafunga anayetoa na anayepokea.

Tribinali ina njia nyingine. Kanuni ya kesi za madai ya Kongo, ya 7 Machi 1960, humpa mdaiwa siku nane kamili kabla ya kufika, na siku moja zaidi kwa kila kilomita 100. Kipimo hicho huhesabu umbali. Milima, matope na njia zilizofungwa na vita hakivihesabu. Mdaiwa anaruhusiwa kusimama mwenyewe bila avoka (wakili). Asipotokea, anaweza kuhukumiwa hayupo, iwapo dai la mwenzake limeonekana kuwa la haki na limethibitishwa. Na hata akitokea, hakimu hampi asichoomba. Mfugaji akisema tu kwamba mifugo yake haikuingia shambani, amejitetea, basi. Ili alipwe ng'ombe aliyekatwa, lazima alete madai kinzani: aseme anadai nini, kiasi gani, na kwa ushahidi upi.

Nchi jirani zimejaribu kupunguza pengo hilo kati ya baraza na mahakama. Nchini Tanzania, Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi mawakili walizuiwa kabisa kusimama humo. Wananchi walijieleza wenyewe. Nchini Kenya, sheria ya 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo leo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60.

Kongo nayo haikosi msingi wa kufanya hivyo. Sheria ya 11 Aprili 2013 huruhusu tribinali ya amani kuketi na wazee wanaojua mila, pale mila inapohusika. Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha za taifa. Kilichobaki ni karatasi ya kumwita mdaiwa imweleze kwa Kiswahili kwamba anaweza kujibu na kudai pia, na grefie (karani wa tribinali) amsomee asiyejua kusoma.

Kabla hilo halijatendeka, aliyeitwa asibaki nyumbani kwa hasira au woga. Aandike sehemu mbili: majibu kwa kila dai, kisha madai yake na kiasi chake. Ataje mashahidi, apeleke kwa grefie, abaki na nakala yenye muhuri. Uzoefu wa kueleza ugomvi mzima anao tayari kutoka barazani. Tribinalini unamfaa akiuweka kwenye karatasi kabla siku hazijapita.