Digrii za Uhuru na Ukubwa wa Athari

Katika takwimu, digrii za uhuru ni idadi ya thamani zinazoweza kubadilika bila kuvunja sharti lililokwisha kuwekwa: iwapo wastani wa mavuno ya kaya tano za Vitengeni, Kilifi, ni magunia 10 ya mahindi, kaya nne zaweza kuvuna kiasi chochote, lakini ya tano hufungwa na jumla ya magunia 50, hivyo digrii za uhuru ni 4.

Dhana ya pili, ukubwa wa athari, ambayo ina uzito zaidi kwa msomaji, hupima tofauti yenyewe kati ya makundi, wala haiulizi kama tofauti hiyo imeletwa na bahati. Neno athari, ambalo magazetini hunuka madhara, hapa halina lawama. Jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililofanyika Kilifi, Kenya, na Korogwe, Tanzania, likachapishwa mwaka 2008, lilihusisha watoto 894 wa miezi 5 hadi 17, na ukubwa wa athari ulikuwa kinga ya asilimia 53, kadirio ambalo mipaka yake ya uhakika ilikuwa asilimia 28 na 69.