Kukata Neno Mwishoni mwa Mstari: Kutoka Herufi za Risasi hadi Kompyuta

Waandikao Kiswahili kwa kompyuta huko Masasi na Newala hulalamika kwamba mistari iliyonyooshwa pande zote mbili hutoka na mianya mipana baina ya maneno. Lawama huiangukia mashine. Lakini tatizo ni kongwe kuliko mashine hiyo, na asili yake ni urefu wa kitenzi cha Kibantu.

Mwaka 1876, mwaka ule ule Askofu Edward Steere alipowafikisha Masasi watu waliokombolewa utumwani, matbaa ya misheni Unguja ilipiga chapa mkusanyo wake wa Kimakonde. Chauncy Maples, aliyeishi Masasi kabla ya shambulio la Wangoni la 1882 na kuhamia Newala baadaye, alitoa wa Kimakua mwaka 1879. Siku hizo herufi za risasi zilipangwa moja moja kwa mkono. Mpangaji akifika ukingoni, na neno mfano wa “waliokwishamwandikia” halijatosha, hakuwa na budi kuamua mwenyewe pa kulikata.

Uamuzi huo si mwepesi. Silabi zetu huishia irabu, isipokuwa pale nazali inapojitegemea. “Anakimbia” hukatwa anaki-mbia, maana mb ni konsonanti moja. “Akimbeba” hukatwa akim-beba, maana m ni kiambishi cha mtendwa. Herufi ni zile zile! Msemaji husikia tofauti. Programu inayofuata kanuni za Kiingereza haiisikii, na ikiachwa bila kanuni yoyote hulisukuma neno zima chini, ndipo mianya ile huzaliwa.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye amri za Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, kutafsiri amri ni jambo moja, na kuifundisha programu silabi ni jingine. Hili la pili ni kazi ya wanaisimu, nasi tumelichelewesha.

Kwa sasa, nyaraka za kawaida zafaa kuachwa bila kunyooshwa upande wa kulia. Anayeshikilia kunyoosha na atumie kistari cha hiari, kwa kubonyeza Ctrl pamoja na kistari, pale asikiapo mpaka wa silabi. Nimepata kusoma Newala muhtasari wa mkutano ambao mpiga chapa alitia vistari vya kawaida. Maneno mawili yalipoongezwa juu, “wana-nchi” na “maende-leo” yakajikuta katikati ya mistari. Kistari cha hiari hujificha chenyewe kisipohitajika.